Nililiinua Gari Ndipo Likashika Kona

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya 2004. Kwa miaka miwili ililala chini kiasi kwamba matuta ya njia ya Kizota, hapa Dodoma, niliyapita mshazari, tairi moja moja, bodaboda wakinisubiri nyuma. Niliinunua ikiwa na springi zilizokatwa. Baadaye nikajibana, nikaagiza shokapu za mtumba kutoka Japani, zile za kupandisha na kushusha gari kwa kuzungusha uzi kama wa skrubu, na fundi aliyezifunga akazishusha mpaka mwisho. "Dada, gari la mbio likiwa juu halinogi," aliniambia. Nikakubali, maana hata macho yangu yalipenda hivyo.

Siku tuliyokodi lami nje ya mji na wenzangu, tukapanga koni, gari likanikatalia. Nakata stelingi, pua inakwenda mbele. Kwenye kona ndefu ya kulia lilikuwa linalala ubavu mpaka nikashangaa: gari la chini hivi linalalaje? Nilikuwa nimepaka chaki mabegani mwa matairi ya mbele, nione yanakanyagia wapi. Baada ya mizunguko sita chaki ya upande wa nje ilikuwa imefutika hadi kwenye maandishi ya tairi.

Nikaingia chini na tochi. Mkono wa chini, chuma kinachounganisha bodi na tairi, ambao unatakiwa uteremke kidogo kuelekea kwenye tairi, ulikuwa umepanda. Mbele gari hili lina mfumo wa MacPherson, hauna mkono wa juu. Shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia. Mkono wa chini ukishapanda hivyo, gari likilala kwenye kona ncha yake inazidi kwenda juu na kuvuta sehemu ya chini ya tairi ndani, basi tairi linakanyagia bega la nje. Zaidi ya hapo, kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Pengo kati ya viwili hivyo ni wenzo, na mimi nilikuwa nimeurefusha, ndiyo maana gari lililala. Tairodi, vyuma vya stelingi vinavyogeuza matairi, nazo zilipanda, kwa hiyo kila kishimo kiligeuza matairi bila mkono wangu.

Kuna bolijointi ndefu, viungo vya kwenye ncha ya mkono wa chini, za kurekebisha hali hiyo. Nilianza na kisichouzwa: nikapandisha mbele milimita 25, nyuma 20.

Urefu ukibadilika, alaimenti yote, yaani jinsi matairi yalivyokaa, imekufa. Baba yangu ni mwashi. Alipofika kutoka Kondoa alinikuta uani Nkuhungu nahangaika na kamba. "Mwanangu, unapima ukuta hujajua msingi umelalaje?" Akaomba mpira wa maji wa kupimia usawa. Kumbe sakafu chini ya tairi la nyuma kushoto ilikuwa chini kwa milimita 11. Tukapanga vigae chini ya matairi mpaka maji yakalingana. Mbele tukaweka vigae viwili viwili, grisi katikati, tairi ligeuke bila kung'ang'ania saruji. Kwenye kiti cha dereva tukalaza mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya mchanga, ndiyo mimi huyo.

Kisha timazi, ule uzi wenye uzito chini. Rimu zangu zina milimita 455 ukingo kwa ukingo. Ukingo wa juu ukiwa ndani ya uzi kwa milimita 20 zaidi ya ule wa chini, kemba, yaani mlalo wa tairi, ni nyuzi 2.5 kwa ndani. Hapo ndipo nilipopataka mbele. Boliti ya juu inayoshika shokapu ya Impreza ina yai, haiko duara kamili: ukiizungusha, tairi linalala au linasimama. Iliyobaki niliimalizia kwenye sahani za juu za shokapu. Nyuma niliacha nyuzi 1.5. Kwa kamba, matairi ya mbele niliyanyoosha kabisa, ya nyuma yakaangalia ndani milimita 1 kila upande. Boliti za bushi, zile raba za kwenye viungo vya mikono, nilizilegeza na kuzikaza upya gari likiwa limekanyaga chini. Bushi ikikazwa gari likiwa kwenye jeki hujisokota na kupasuka mapema.

Tuliporudi kwenye zile koni, chaki ilifutika mpaka kwenye alama ndogo ya pembetatu iliyo begani mwa tairi, ikaishia hapo panapotakiwa. Kona ile ya kulia niliingia na gia ya tatu, pua ikanifuata. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti.

Baba ameniachia timazi. Iko kwenye buti ndani ya soksi, karibu na spana ya matairi. Nikimaliza kilomita 200 nitapima tena, kwa sababu boliti za yai zikilegea ndizo za kwanza kuhama.