Kifaransa cha chuo si kile cha sekondari

Mliosoma Kifaransa sekondari mtanielewa. Kule tulikuwa tunakariri vitenzi, tunatafsiri habari fupi, tunafanya mtihani, basi. Sasa nipo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nasoma Kifaransa hichohicho, na mwalimu akiingia darasani ni Kifaransa mwanzo mwisho.

Kazi kubwa ni kusikiliza. Kwenye daftari naona "les amis", kila neno limekaa peke yake. Kwenye spika linatoka moja tu, "lezami", ile s imegeuka z. Sasa sikiliza taarifa ya habari ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, uone wanavyounganisha sentensi nzima hivyo! Jioni navaa hedifoni, narudia kipande kilekile mpaka masikio yaanze kuyatenganisha maneno. Siku yakitengana, raha yake siwezi kuisimulia.

Nyumbani wananiuliza nitakula wapi na Kifaransa. Jamani, Burundi na Kongo ni majirani zetu, malori ya kwenda huko yanapita hapahapa Dodoma. Na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi ya jumuiya. Wakalimani watatoka wapi kama si sisi?

Mliotangulia, mazungumzo mlikuwa mnafanya mazoezi na nani?