Nilivyobana kumbukumbu za joto la bahari bila kupoteza vipimo

Kazi niliyokabidhiwa hapa Mombasa ilikuwa kuhifadhi vipimo vya joto la bahari vilivyokusanywa kwa miaka mingi kwenye miamba ya matumbawe, na diski zilikuwa zimekaribia kujaa. Kufuta hakukufikirika, kwa kuwa joto la mwaka 1998, lililoyapausha matumbawe ya pwani yetu, halipimiki tena.

Nilipozibana faili kwa algoriti ya deflate, isiyopoteza kitu, zilipungua kidogo tu. Claude Shannon, mwanzilishi wa nadharia ya habari, alieleza tangu mwaka 1948 kwamba kisichotabirika hakibaniki, na tarakimu za mwisho za vipimo vyetu hazikutabirika hata kidogo. Namba ya biti 32, yaani iliyoandikwa kwa sufuri na moja 32, hubeba takriban tarakimu saba, ilhali vipimajoto vyetu huaminika hadi 0.01 ya digrii. Kwa hiyo tulikuwa tukitunza kwa gharama kubwa kelele za kifaa, yaani tarakimu za kubahatisha zisizo joto halisi.

Basi nilibakiza biti 12 za mantisa, sehemu inayobeba tarakimu za namba, kati ya 23, nyingine nikazifanya sufuri. Kwa joto lililo kati ya digrii 16 na 32, ambamo bahari yetu hukaa wakati wa kusi na wa kaskazi, kosa linalotokea halizidi 0.002. Kisha nilizipanga upya baiti, yaani mafungu ya biti nane nane, za kwanza za vipimo vyote zikae pamoja, za pili pamoja, na kuendelea. Katika masafa hayo baiti ya kwanza ya kila kipimo ni ile ile, na ya mwisho sasa ni sufuri tupu, hivyo deflate ilizimeza zote mbili karibu bure. Faili zilishuka chini ya nusu.

Mtafiti mmoja mzee aliniuliza, “Mwanangu, hizo unazozitoa, wa kesho akizitaka atazipata wapi?” Swali lake lilistahili jibu la namba. Nilimwonyesha wastani wa kila mwezi kabla na baada, haukuhama, kwa sababu nilikadiria kila kipimo kwenda thamani iliyo karibu zaidi; kukata tu kungeishusha bahari nzima kidogo kidogo, na kosa hilo ni baya kuliko kelele.

Nyakati na alama za ubora sikuzigusa. Zipo mbinu mpya zenye nguvu zaidi, kama ZFP, lakini nilibaki na deflate ndani ya NetCDF, muundo wa faili za data za kisayansi, inayofunguka bila programu ya ziada, na ndani ya kila faili nikaandika idadi ya biti zilizobakizwa.