Kukagua matoleo ya kifaa kabla ya kuomba cheti
Wiki hii nimekamilisha maombi ya uidhinishaji (idhini ya mamlaka ya mawasiliano kabla ya kifaa kuuzwa) wa familia moja ya ruta, vifaa vya kusambaza intaneti, na kilichonichukua muda hakikuwa kujaza fomu bali kulinganisha matoleo yake moja baada ya jingine. Rangi ya kasha kwa kawaida haigusi upande wa redio, hivyo niliipita haraka. Uzito uko kwenye moduli ya redio (kijenzi kinachotuma na kupokea mawimbi), antena, nguvu ya mawimbi na masafa, kwa kuwa matoleo mawili yenye jina moja la kibiashara yanaweza kutofautiana kabisa ndani: moja likakosa bendi ya 28 ya LTE (mtandao wa simu wa 4G), ile ya megahezi 700, na jingine likaongezewa Wi-Fi ya gigahezi 6, ambayo si kila nchi imeiruhusu. Nililinganisha nambari ya modeli kwenye lebo na ile ya ripoti ya maabara, maana ripoti huisemea sampuli iliyopimwa, si ndugu zake. Hata adapta ya umeme, ambayo wengi huisahau, huathiri vipimo vya usalama na vya mwingiliano wa sumakuumeme, yaani kama kifaa kinavuruga vingine au kuvurugwa navyo. Toleo lenye moduli tofauti nimeliombea cheti chake. Mengine yamekwenda pamoja, yakiambatana na barua ya mtengenezaji inayoeleza tofauti zake.