Vumbi la aina mbili, na mteremko wa feri

Kila siku navuka Likoni kwa feri kwenda kufundisha fizikia kisiwani Mombasa. Jumatatu, tulipokuwa tunapanda ule mteremko, tulikutana uso kwa uso na wanaoshuka. Hakuna aliyetupanga. Nilimfuata mama mwenye beseni la mahamri, naye akimfuata kijana wa mkokoteni, na punde umati mzima ukawa mistari: wanaopanda, wanaoshuka, wanaopanda. Nilisimama kando nikitazama, nusura nichelewe darasani.

Maana hivyo ndivyo vumbi la vitufe vidogo vya plastiki lilivyofanya angani, katika jaribio moja la fizikia.

Gesi ya agoni ikipunguzwa sana shinikizo na kupitishiwa umeme, hung'aa ikawa plazma, yaani gesi yenye chembe za chaji. Ukinyunyizia humo vitufe vya plastiki, kila kimoja hubeba maelfu ya elektroni, basi vyote vinasukumana. Vikilingana ukubwa, hujipanga kama fuwele. Mwaka 1994 maabara zilionyesha hilo. Kwa leza na kamera, unaona kitufe kimoja kimoja. Napenda sana jambo hili: fuwele ambayo unaweza kuitazama ikiyeyuka.

Ukichanganya saizi mbili, shida huanza. Niliandika ubaoni: kipenyo mara mbili, chaji takriban mara mbili, lakini uzito mara nane. Kwa hiyo hapa duniani vikubwa huelea chini na vidogo juu. Ndipo watafiti wakapeleka chombo kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambako uzito hauhisiki. Vidogo vya mikromita 3.4 vikaingizwa ndani ya wingu la vile vya 9.2, navyo vikapenya kwa mistari, hata vikubwa vikaanza kujipanga mistari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Binti mmoja wa Kidato cha Nne akanyoosha mkono. "Mwalimu, si utumie vitu viwili tofauti, ila vielee kimo kimoja?"

Moyo wangu ulijaa. Ndivyo wanavyofanya! Huchukua vitufe vya plastiki na vya silika, madini ya mchanga, wakachagua vipenyo ili vikae safu moja, na aina moja hutiwa rangi inayong'aa kwa leza ili kamera ivitofautishe. Lakini plazma huila plastiki kidogo kidogo. Hupungua uzito na kupanda, silika ikibaki karibu vilevile. Basi huanza na plastiki iliyo nzito kidogo, wakasubiri ifikie kimo cha silika. Hapo ndipo huchukua picha, kabla haijapita.

"Kwa hiyo wanavizia," akasema, akaandika.