Siku Kapteni Aliponikabidhi Kombania

Katika miaka yangu yote jeshini nilifundishwa kumsoma adui: nyayo zake, moshi wake, ndege anayeruka ghafla kichakani. Kujisoma mwenyewe sikufundishwa chuoni, wala katika kozi za Jinja zilizofuata. Nilianza kujifunza hilo porini, Wilaya ya Pader, kaskazini mwa Uganda, msimu wa mvua wa mwaka 2003, kwa Kapteni aliyekuwa akitetemeka kwa malaria.

Waliokuwa kaskazini wakati ule wanakumbuka hali ilivyokuwa. Operesheni Iron Fist ilianza Machi 2002, jeshi letu likaingia kusini mwa Sudan kuzifuata kambi za Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Katikati ya mwaka uleule wapiganaji wake wakarudi Uganda kwa makundi, na vita vikawa vikali kuliko mwanzo. Zaidi ya watu milioni moja walijazana kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Jioni ungeona watoto barabarani na mikeka kichwani, wakienda kulala kwenye veranda za maduka ya Gulu na Kitgum ili wasitekwe usiku. Na jambo lililotukaba koo sisi askari ni kwamba wengi wa wale tuliokuwa tunawafukuza walikuwa watoto haohao, waliotekwa mwaka mmoja au miwili nyuma. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 ilikuwepo: anayeweka silaha chini hapigwi, anapokelewa. Lakini kwenye nyasi zinazomzidi mtu mzima urefu, nani anakuonyesha nani anataka kupigana na nani anatafuta njia ya nyumbani?

Alfajiri ile tulikuwa tunajiandaa kuvuka mto Agago. Kapteni alituita makamanda wa platuni na Sajini Meja chini ya mkwaju. Alikuwa amevaa blanketi ndani ya koti la mvua, na ramani ilikuwa inamchezacheza mkononi.

"Sikilizeni," alisema. "Nina homa tangu jana jioni. Miguu inaweza, kichwa hakiwezi. Nimesoma ramani hii mara mbili na kila mara mto unapita pengine. Kuanzia sasa amri zinatoka kwa Luteni. Mimi nitatembea katikati, na atakayeniletea swali nitamrudisha kwake."

Luteni mwenyewe ndiye mimi.

Niliona aibu kwa niaba yake. Makamanda niliokuwa nawajua walificha malaria kama mtu anavyoficha deni. Nilidhani askari watamdharau, na mimi watanijaribu. Nikamtazama Sajini Meja, mzee aliyeanzia vita vya msituni Luwero, nikisubiri aonyeshe uso wake unasema nini. Hakuonyesha kitu. Alisema "Sawa, afande," kisha akanigeukia: "Afande, tunaondoka saa ngapi?"

Tukavuka. Maji yalifika kifuani, askari wameinua bunduki juu ya vichwa. Ng'ambo, kabla hata viatu havijamaliza kutoa maji, seksheni ya mbele ikaita kwenye redio: kuna watu kwenye nyasi, hawajulikani idadi, wanasogea kuelekea mtoni.

Mtu wangu wa redio alikuwa koplo kutoka Teso, kijana mpole. Kile kipaza sauti alikuwa amekifunga kwa mfuko wa plastiki na kipande cha mpira wa baiskeli ili mvua isiingie. Nikabonyeza, nikaiambia platuni ya pili ijipange. Nilipoachia kidole, koplo akanishika mkono wa shati.

"Afande, sauti inakimbia. Wakikusikia hivi watapiga."

Nilikuwa najiona nimetulia kabisa. Mikono haikutetemeka, tumbo halikunisumbua, akili ilikuwa wazi. Sikujua kwamba hofu yangu inapata mlango wake kooni, na kwamba kila askari aliyesikiliza redio ile alikuwa anaisikia kabla yangu. Hilo ndilo jambo kubwa nililolipata jeshini, na alinipa mtu mwenye cheo cha chini kuliko mimi, katikati ya hatari, akiwa na sekunde chache tu za kuamua kama aseme au anyamaze.

Nikashusha pumzi. Nikabonyeza tena, neno moja moja. Asipige mtu bila amri yangu. Platuni ya pili ipite kushoto mpaka ukingoni, ilale. Anayejua Kiacholi aite.

Private mmoja akapaza sauti kwa Kiacholi. Hakuna jibu. Akaita tena. Bunduki mbili za rashasha zilikuwa zimeshazielekea zile nyasi, na niliwaona wapigaji wakinitazama mimi, hawatazami mbele.

Akatoka msichana mwenye mtoto mgongoni, mikono juu. Nyuma yake wavulana, mmoja akiburuta bunduki ya SMG kwa mkanda, mwingine amebeba sufuria nyeusi kichwani na hataki kuishusha hata alipoambiwa. Walikuwa wametoroka usiku, wanatafuta njia ya kwenda kambi ya Pajule. Nyayo za yule mwenye sufuria zilikuwa zimevimba na kupasuka visiginoni. Sajini Meja aliwagawia biskuti zake mwenyewe, akiwaambia wale polepole wasije wakatapika. Baadaye tuliwakabidhi kwa kitengo cha jeshi cha kulinda watoto, ili wapelekwe kwenye vituo vya kuwapokea na kuwatafutia ndugu zao.

Jioni Kapteni alikuwa amechomwa sindano ya kwinini na amelala chini ya turubai. Nilikwenda kumpa ripoti. Aliisikiliza yote, kisha akauliza, "Na wewe ulikuwaje?"

Nikamweleza habari ya sauti.

"Basi umeshaijua yako," alisema. "Yangu ni hasira. Homa ikinishika nakuwa na hasira, na nikiwa na hasira naona adui kila mahali. Ungeniachia kombania leo, wale watoto ningewapiga."

Alisema hivyo wazi, huku mwuguzi wa jeshi akisikia. Nami nikaelewa kwamba asubuhi hakuwa ameshindwa na ugonjwa. Alikuwa amewalinda watu asiowajua dhidi ya nafsi yake.

Tangu hapo nimejaza fomu nyingi za kuwapima maofisa: ushupavu, utii, nidhamu, shabaha. Sijawahi kuona panapouliza kama ofisa anajua anavyobadilika akiogopa au akichoka. Naamini pangekuwepo, tungeokoa watu, wa kwetu na wasio wa kwetu.

Nilipopelekwa Mogadishu, wakati wa mapigano ya nyumba kwa nyumba kabla al-Shabaab hawajauacha mji Agosti 2011, kila mtu wa redio niliyepewa nilimwambia siku ya kwanza: ukisikia sauti yangu inapanda, nishike mkono. Wengi walicheka kwa haya. Mmoja, kijana wa Kasese, alilichukua kwa uzito. Asubuhi moja, baada ya usiku wa makombora, hata hakungoja sauti. Aliniangalia usoni akasema, "Afande, leo umechoka." Nikampa naibu wangu redio mbele ya askari wote, nikawaambia sababu, nikalala nyuma ya viroba vya mchanga mpaka alasiri.