Siku moja kwenye daraja la mawe

Saa 12 asubuhi natoka nyumbani Kibirizi, mjini Kigoma, wakati baba anarejea kutoka ziwani kuvua dagaa. Katika ukoo wetu hakuna aliyenitangulia chuo kikuu, hivyo sikuwa na wa kumuuliza kama mhandisi serikalini hufanya kazi gani hasa. Ndiyo maana niliomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ingawa wenzangu wengi walikimbilia kwa wakandarasi.

Saa 1:30 nasaini daftari la mahudhurio, nawaamkia wakubwa, kisha tunapanda gari kupitia Mwandiga.

Saa 3 tumefika kwenye kijito ambako daraja la upinde linajengwa. Madaraja ya namna hii yamejengwa kwa wingi mkoani Kigoma, kwa kuwa mawe yanapatikana karibu na gharama yake ni ndogo kuliko ya zege lenye nondo. Jiwe huvumilia kubanwa, bali halivumilii kuvutwa. Upinde hugeuza uzito wa gari kuwa mbano unaosafiri kutoka jiwe hadi jiwe mpaka kwenye misingi ya pande mbili, na kwa hiyo nondo hazihitajiki. Mafundi wanapanga mawe juu ya kiunzi cha mbao, wakianza kingo zote mbili kwa pamoja ili kiunzi kisielemewe upande mmoja. Kazi inakwenda mbio, maana mvua za Novemba zikianza, kijito hiki hakivukiki.

Saa 5 napewa utepe na daftari nipime kuta zilizokamilika. Vijana wa kijiji wanaojenga wanalipwa kwa mita za ujazo. Chuoni hesabu hii ilikuwa ya kutafuta alama. Hapa sentimita 5 zikipotea kwenye unene wa ukuta, ni ujira wa mtu uliopotea, na zikiongezeka ni fedha ya umma iliyolipwa bure. Kiongozi wa kikundi anashika ncha ya pili ya utepe na kusoma kila kipimo kwa sauti, jambo ambalo naona lingefaa kuwa kanuni kila mahali.

Saa 8 mzee mmoja anamsimamisha mhandisi.

"Mwanangu, maji ya mtaro wenu yataishia kwenye muhogo wangu."

Mhandisi hamwonyeshi mchoro. Anatembea naye hadi shambani, anatazama mteremko, kisha ananiagiza nipime umbali wa kufikisha mtaro kijitoni. Nyongeza hiyo itahitaji kuombewa kibali na fedha, na barua ya maombi naanza kuiandika mimi saa 10 ofisini. Nakiri kwamba barua imenichosha kuliko mawe.

Usiku mama, ambaye huuza mawese yanayoletwa kwa bodaboda kutoka vijiji vya huko kwenye daraja, ananisikiliza nikieleza habari za upinde, halafu anauliza: "Na mchanga ukijaa chini ya daraja, nani atauzoa?" Nimeliandika swali lake kwenye kitabu cha mafunzo, chini ya vipimo vya leo, ili kesho nimuulize mhandisi kama bajeti ya matengenezo imelihesabu daraja hili.