Vipokezi vya Opioidi: Vinakutana, Havijaoana

Marehemu shangazi yangu, aliyeishi Bombo, Uganda, alikunywa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, katika miezi ya mwisho ya maisha yake, na kila muuguzi alipomwongezea dozi alimuuliza swali lile lile: "Mwanangu, ni mimi niliyeizoea dawa, au ni dawa iliyonichoka?" Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba ugonjwa ndio ulioongezeka, jambo ambalo kwa mgonjwa wa saratani mara nyingi huwa kweli. Mimi nilikuwa nikisomea biokemia wakati huo, na swali lile halikunitoka kichwani.

Dawa yenyewe si ngeni kwetu. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, nayo imezoesha watu mofini ya kunywa inayochanganywa humu humu nchini, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Ninalotaka kulieleza hapa ni yale yanayotokea baada ya kuimeza.

Mofini na dawa za jamii yake, ziitwazo opioidi, hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe kutoka nje. Mofini hushika kipokezi kiitwacho mu, protini moja ndefu inayopenya utando wa seli mara saba, kwenda na kurudi, kama ukindu unavyoshonwa kwenye mkeka. Ndugu zake wa karibu ni delta na kapa. Vitabu vyetu vya chuo vilichora kila kimoja kikiwa peke yake, ilhali tayari mwaka 1999 Bryen Jordan na Lakshmi Devi walikuwa wamechapisha ushahidi kwamba kapa na delta huungana wawili wawili, na kwamba jozi hiyo hushika dawa kwa namna isiyofanana na ya kapa pekee wala ya delta pekee. Jioni moja nilimweleza shangazi habari hizo kwa kutumia maharage mawili juu ya sinia. Aliyatazama, kisha akauliza: "Hao wenu wa maabara waliwaona wakikutana, au waliwakuta tu wamekaa pamoja?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amegusa udhaifu wenyewe wa kazi nyingi za miaka ile. Njia iliyotumika sana ilikuwa kuipasua seli kwa dawa zinazofanya kazi kama sabuni, kukivua kipokezi kimoja kwa kingamwili, kisha kutazama kama kingine kimefuatana nacho. Protini zinazopenda mafuta, zikitolewa ndani ya utando, zinaweza kung'ang'aniana hata kama ndani ya seli hai hazikuwa na uhusiano wowote. Tena seli hizo mara nyingi zilikuwa zimelazimishwa kutengeneza vipokezi vingi kupita kiasi, na penye msongamano kama wa kituo cha teksi cha Kampala, mabega kugusana si ushahidi wa undugu.

Ilibidi kukifuata kipokezi kimoja kimoja kwa hadubini, kikiwa kimebandikwa molekuli inayong'aa, huku seli ikiwa hai. Mwaka 2005 kundi la Akihiro Kusumi wa Japani lilionyesha kwamba mu haitulii: utando umegawanyika katika vyumba vidogo vyenye upana wa nanomita 210 hivi, na kipokezi hukaa katika kila chumba kwa wastani wa milisekunde 45 tu kabla ya kurukia cha jirani. Seli zile zilikuwa za figo ya panya, ambazo, kwa kweli, hazina maumivu ya kutulizwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba mu iliyo peke yake inatosha kuiamsha protini ya G, ile inayopeleka ujumbe wa kipokezi ndani ya seli, kwa hiyo jozi si sharti la kazi hiyo. Na mwaka 2020, shangazi akiwa ameshatutoka, ilichapishwa kazi iliyonifanya nimkumbuke sana: kwenye seli hai zenye vipokezi vichache, mu nyingi zilikuwa pweke, kemikali iitwayo DAMGO, ambayo huiamsha mu kwa nguvu, iliongeza jozi, lakini mofini haikuziongeza.

Kwangu mimi, neno "jozi" lenyewe linapotosha, kwa kuwa linatufanya tufikirie viatu, ilhali kinachoonekana kinafanana zaidi na watu wanaosalimiana njiani.

Hata salamu, hata hivyo, hubeba habari. Panya waliozalishwa bila delta waliendelea kutulizwa na mofini walipopewa kwa siku nyingi, bila ile hali ya kuizoea, ambapo dozi ile ile hupoteza nguvu. Na mwaka 2011 watafiti wa China walitengeneza kipande kifupi cha protini kinachojipenyeza kati ya mu na delta na kuzitenganisha. Panya waliopewa kipande hicho walitulizwa zaidi na mofini, na mazoea yakapungua. Yaani mwenye kuchoka huenda hakuwa shangazi wala dawa yake, bali delta, yule jirani anayepita karibu na mu kwa muda mfupi, mara nyingi mno. Hayo ni ya panya. Hakuna muuguzi wa Bombo mwenye kipande hicho mkobani.